Somo: Kufunga Dirisha Si Kufunga Kazi



Sisi tunaojifunza kuandika programu za kompyuta tulikitengenezea kikundi chetu programu ya michango, kwa lugha ya Python na Tkinter. Ilikuwa na madirisha mawili: kubwa la orodha ya wanachama, na dogo la kuandikia michango.

Siku moja mweka hazina aliandika michango ya watu kumi na wawili kwenye dirisha dogo. Kabla hajahifadhi, akaona lile kubwa linamzibia, akabonyeza X. Loo! Madirisha yote mawili yakapotea, na michango pia. Ikabidi tumuulize kila mtu upya alitoa ngapi, na maneno yakawa mengi.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu tuliotengeneza.

Kwa nini ilitokea?

Katika Tkinter, dirisha la kwanza huundwa kwa Tk(). Hilo ni kama nguzo ya kati ya nyumba. Mengine huundwa kwa Toplevel(), nayo hulitegemea. Nguzo ikianguka, paa lote liko chini.

Si kila mahali ni hivyo. Kwenye Mac, programu nyingi hubaki hai hata dirisha la mwisho likifungwa. Kwenye WPF ya Microsoft, mtengenezaji huchagua programu ife lini: likifungwa dirisha la mwisho, likifungwa lile kuu, au mpaka iamriwe. Basi hata ninyi amueni mapema, msiache bahati iamue.

Fanyeni hivi:

1. Tumieni Tk() moja tu. Mbili ni nyumba mbili zisizojuana.

2. Wekeni mlinzi kwenye X ya dirisha kuu:
kuu.protocol("WM_DELETE_WINDOW", funga)
Sasa X haifungi chochote mpaka kazi yenu ya funga iseme.

3. Ndani ya funga, angalieni kama kuna maandishi hayajahifadhiwa. Kama yapo, ulizeni kwa messagebox.askyesnocancel. Akijibu ndiyo, hifadhini kisha kuu.destroy(). Akijibu hapana, destroy() tu. Akighairi, msifanye kitu. Angalieni sana: hapana huleta False, kughairi huleta None. Mkipima kwa "if not", mtayachanganya mawili hayo, na aliyeghairi atapoteza kazi yake.

4. withdraw() huficha dirisha tu. Mkificha lile kuu, mtu akafunga dogo, programu itabaki hai bila kuonekana. Kwa hiyo dogo nalo liwekeeni mlinzi, aite funga ile ile.

Sisi tulipomaliza, tulimwita mweka hazina ajaribu kufunga kila dirisha akiwa katikati ya kazi. Hapo ndipo tulipoamini.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika programu yenu, dirisha gani ndilo nguzo?
- Umeme ukipotea ghafla, mlinzi wa X atasaidia? Mtahifadhi kila baada ya muda gani?