Mume anataka tuuze nyumba, tukaishi ndani ya Coaster

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kibamba, Dar es Salaam. Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, ameajiriwa na kampuni moja hapa mjini kwa miaka mingi. Ni mtu mwema, halewi, na mshahara wake naujua. Ila amechoka. Anaamka saa kumi usiku kukwepa foleni, anarudi watoto wamelala. Mwaka jana mdogo wetu wa miaka minne alimwita "anko" mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hajatulia.

Sasa ameamua tuuze nyumba, anunue Coaster iliyotumika aliyoiona kwa mtu Ilala, ang'oe viti aweke vitanda na jiko, tuzunguke vijijini akitengeneza pampu zilizokufa. Anasema hatuendi kutalii, tunakwenda kufanya kazi yenye maana. Ramani ameibandika sebuleni: baada ya Pasaka tunaanza Kilwa, Lindi, Mtwara, tunapanda Songea na Mbeya mpaka Kigoma. Jioni anatuonyesha video za familia moja ya Argentina iliyozunguka dunia na gari la zamani. Watoto furaha haiwatoshi. Wa kwanza yuko darasa la saba, wa pili la nne. Baba yao anasema dunia ni shule, yeye atawafundisha hesabu na umeme, mimi Kiswahili na kupika.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu na wateja wa sare za shule na vitenge. Nikimuuliza cherehani zitakaa wapi, anasema tuziuze tuongezee mafuta. Mama mkwe anasema mwanamke anayemvunja mumewe moyo hana baraka. Mama yangu anasema nikisaini tu nimekwisha. Shangazi, mimi mwenyewe Dar imenichosha, si kwamba sitaki kuondoka. Lakini nikiitazama ile ramani usingizi unaruka. Nifanye nini?

Mama Watatu, Kibamba

Marahaba mwanangu,

Nianze na mumeo, maana najua wapo wasomaji ambao wameshamhukumu. Mwanamume aliyeitwa anko na mtoto wake wa kumzaa, akaumia kiasi cha kutaka kubadili maisha yote, huyo si mpuuzi. Wenzake wangecheka, kesho yake wakarudi kwenye foleni. Kwa hiyo mnapozungumza, usimwambie kwamba ana wazimu. Hana. Ana mpango mbovu, na mpango hurekebishwa.

Ubovu wenyewe umeuandika kwa haraka, kama jambo dogo. Katika safari hii mumeo ana kazi yake ile ile anayoijua, tena bila bosi. Watoto wana dunia nzima ya kushangaa. Wewe mwenye kibanda, wateja na jina mtaani, umepewa jiko. Na vifaa vyako vya kazi vimegeuzwa dizeli. Ningekuwa mimi, usingizi ungeruka vilevile.

Hao Waargentina wake nawafahamu. Ni Herman na Candelaria Zapp. Waliondoka Buenos Aires mwaka 2000 na gari aina ya Graham-Paige la mwaka 1928, wakitaka kufika Alaska kwa miezi sita, na safari yao ikaja kumalizika mwaka 2022. Ni habari ya kupendeza, sina ugomvi nayo. Lakini waliondoka wawili, bila mtoto; watoto wanne walizaliwa katika miaka hiyo ya safari, kila mmoja katika nchi yake. Aliyekaa nao na madaftari alikuwa hasa mama yao. Na fedha zilipowaishia, Candelaria alichora picha, mumewe akazitia fremu, wakauza; baadaye wakauza na kitabu cha safari yao. Yaani kila jioni mumeo anaitazama familia iliyookolewa na mikono ya mke, video ikiisha anataka kuuza cherehani! Mwambie hivyo hivyo, kwa upole, na umwache aifikirie usiku mmoja.

Sasa hiyo kazi yenye maana. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kazi ni nzuri, ila nani amewaalika?

Pampu ya kijijini mara nyingi haifi kwa kukosa fundi kutoka Dar. Mumeo anaijua Afridev, ile ya mkono. Ilibuniwa makusudi ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja na kubadilisha vipuri vinavyochakaa. Ukiikuta imelala mwaka mzima, uliza: vipuri vinauzwa wapi, na nauli ya kuvifuata ni kiasi gani? Fedha ya kila ndoo alishika nani, na kwa nini watu wameacha kulipa? Fundi wa kupita ataingiza kipuri Jumanne, apigiwe makofi, watoto wake wapewe maembe, na Ijumaa yuko wilaya nyingine. Kipuri kikichakaa tena, wale kina mama wanarudi mtoni, safari hii wakiwa wamekata tamaa zaidi. Sioni maana hapo, naona matembezi ya baba mwenye spana.

Anayetaka kufanya kazi hii kwa dhati ana mlango wa kubisha. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yana wakala wake, RUWASA, mwenye meneja katika wilaya, na chini yake kuna vyombo vya wananchi vinavyoendesha miradi ya maji huko huko vijijini. Mumeo achague wilaya moja. Moja tu, mwanangu, si ile ramani yote. Aende kwa meneja, aonyeshe vyeti vyake, aulize ni chombo gani kinahitaji mtu wa kukaa miezi kadhaa, awafundishe vijana wawili wa palepale, wapange namna ya kupata vipuri na namna ya kuandika mapato. Akipewa barua ya kumkaribisha, safari imepata maana. Akiambiwa asante, mafundi tunao, basi amejiokolea nyumba.

Wavuvi wa Kojani kule Pemba wamekuwa wakienda dago vizazi na vizazi. Wanahama kwa msimu, wengine mbali kabisa hadi pwani ya Kenya. Lakini hakuna anayeteremka tu ufukweni akaanza kutandaza nyavu. Anajua anaenda kwa nani, anajitambulisha kwa wenyeji, na msimu ukiisha anarudi kwake. Kuhamahama kwa kazi hatukufundishwa na video. Tunako zamani, na kuna adabu zake.

Shule sitaizungusha. Wa darasa la saba ana mtihani wa taifa mwezi wa tisa. Wa darasa la nne ana upimaji wa taifa kabla ya mwaka kuisha. Baada ya Pasaka hawaendi popote, na sheria ya elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha umri na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Dunia ni shule, sawa, lakini haitoi namba ya mtihani. Mkikaa kijiji kimoja kwa mwaka, mtoto anahamishwa kwa taratibu za kawaida, mwalimu mkuu kwa mwalimu mkuu, naye anapata marafiki wa kucheza nao. Mkilala leo Nangurukuru, kesho Mingoyo, hamna pa kumhamishia. Na ungeniuliza kuhusu huyo wa miaka minne, ningekwambia anahitaji baba anayerudi jua halijazama. Hilo linapatikana bila magurudumu.

Halafu Pasaka! Hiyo ndiyo masika yenyewe. Mwezi Mei mwaka 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika pale Somanga, watu wakakwama upande huu na ule. Mtu wa pampu anayepanga kuingia vijijini na Coaster katika mwezi wa nne amekaa mjini mno.

Kuhusu nyumba, mama yako ana hoja, ingawa ameisema kwa kutisha. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mmoja wa wanandoa hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sahihi yako ina uzito, nayo ni haki yako. Usiitumie kama fimbo. Mwambie tu: kuuza siridhii, kupangisha naridhia. Nyumba ya Kibamba ina wapangaji, na kodi ikilipwa kwa miezi sita itawatunza kijijini vizuri kuliko unavyodhani. Mkirudi, mnarudi kwenu. Na hiyo ajira asiiache kwa hasira akitegemea mafao: fao la kukosa ajira halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Aombe kwanza likizo bila malipo. Kampuni ikikataa, ndipo mpige hesabu upya, nyote wawili, kwa kalamu.

Mama mkwe mheshimu, mpelekee kilo ya sukari. Hapandi Coaster na ninyi, kwa hiyo kura hana. Mama yako naye hivyo hivyo.

Turudi kwako, maana mpango usipokuwa na nafasi yako utavunjika hata barabara ikiwa ya lami. Cherehani ya umeme mpangishie fundi mwenzako pamoja na kibanda, wateja wasipotee. Ya miguu utaondoka nayo, popote mtakapokwenda. Kijijini kuna shule, na palipo na shule kuna sare. Januari utakimbiliwa wewe kabla ya fundi wa pampu. Ukikuta binti anayetaka kujifunza, unaye mwanafunzi. Mumeo akisikia hivyo akanuna, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi, kwa sababu atakuwa anatafuta abiria.

Mfanye hivi. Mwezi wa sita mumeo achukue likizo yake ya mwaka, aende peke yake, kwa basi, akamwone meneja wa wilaya na viongozi wa kijiji. Watoto wabaki wasome. Desemba, mitihani ikiwa imekwisha, nendeni wote mkapange vyumba viwili kwa mwezi mmoja. Mvua zitakuwa zimeanza na tope litakuwepo, ndivyo vizuri, mkione kijiji kikiwa na shida zake. Mkipapenda, mwaka mpya ombeni uhamisho wa wale wa shule ya msingi na sekondari, kisha pangisheni nyumba. Wakati huo huyo wa kwanza atakuwa anaingia kidato cha kwanza, kwa hiyo muulizeni na yeye, ana umri wa kuulizwa.

Na lile gari la Ilala, mwenyewe akipiga simu kusema kuna mteja mwingine amefika na fedha mkononi, mwambieni auze. Dar es Salaam haijawahi kuishiwa Coaster.