Mungu Hampi Mtu kwa Masimango

Somo juu ya kuomba hekima



Mgeni aingiaye msitu wetu wa Yahuma bila kuuliza njia hupotea, hata akiwa na miguu yenye nguvu na panga kali mkononi. Lakini akimwuliza mwenyeji, ataambiwa: “Mbele pana njia mbili. Shika ya kulia, wala usivuke kijito.” Mgeni huyo hakuongezewa nguvu, wala hakupewa panga jipya. Amepata neno moja tu, na neno hilo limemwokoa. Kwa hiyo wazee husema: kuuliza si ujinga.

Maisha ya Mkristo nayo yana njia panda nyingi. Amri kumi mmekwisha kujifunza, na sala mwazijua. Lakini siku ya taabu hamtaona katika katekisimu neno hili: “Mjibu mjomba wako hivi,” au: “Fedha ya kahawa igawe hivi.” Siku hiyo yatakiwa hekima. Basi leo tujifunze kuiomba.

1. Hekima ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba hekima ni elimu ya shule. Elimu ni kitu chema, na mtoto apelekwe shule. Lakini mtu aliyesoma sana aweza kumdhulumu mjane shamba lake, na bibi kizee asiyejua herufi moja aweza kupatanisha ukoo mzima. Wengine hudhani kwamba hekima ni ujanja. Sivyo. Ujanja huuliza: “Nitapata faida gani?” Hekima huuliza: “Mungu apenda nini?”

Kanisa latufundisha kwamba Roho Mtakatifu hutoa vipaji saba: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Hekima yatajwa ya kwanza. Kwa kipaji hicho twaanza kuona mambo kama Mungu ayaonavyo, na kuyapenda kama yeye ayapendavyo. Kitu cha namna hiyo hakinunuliwi sokoni, wala hakirithiwi kwa baba. Huombwa.

Mtume Yakobo, katika sura ya kwanza ya barua yake, atufundisha mambo matatu. La kwanza: apungukiwaye na hekima amwombe Mungu. La pili: Mungu humpa kila mtu kwa ukarimu, wala hamkaripii mwombaji. La tatu: mwombaji asiwe na moyo wa mashaka. Tuyatazame moja moja.

2. Mfalme aliyejua kuomba

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya tatu, twasoma habari za Solomoni. Alikuwa bado kijana alipokalia kiti cha Daudi baba yake. Usiku mmoja huko Gibeoni Mungu alimtokea katika ndoto, akamwambia aombe atakacho. Fikirini, ndugu zangu: mfalme kijana angeomba nini? Angeweza kuomba miaka mingi, mali nyingi, au adui zake wafe. Solomoni hakuomba hayo. Kwanza alikiri kwamba yu kama mtoto mdogo asiyejua aendako wala atokako. Kisha akaomba moyo wa kusikia, apate kuwaamua watu kwa haki na kupambanua mema na mabaya. Neno hilo lilimpendeza Mungu. Akampa moyo wa hekima, akamwongezea mali na heshima ambazo hakuziomba.

Baadaye wanawake wawili walikuja mbele yake wakigombania mtoto mmoja aliye hai. Solomoni akatoa amri ya kutisha, mtoto akatwe vipande viwili. Na mama wa kweli akajulikana, kwa sababu alikubali kumpoteza mtoto wake ili apate kuishi. Angalieni vema: hekima haikutolewa ili mfalme ajisifu. Ilitolewa ili mtoto aishi, na mama apate haki yake.

3. Mungu hasimangi

Sasa lile la pili. Ninyi nyote mwajua masimango ni nini. Kuna ndugu akupaye mkungu mmoja wa ndizi leo, na baada ya miaka mitano, mbele ya watu wote matangani, akukumbusha: “Siku ile nisingalikupa, watoto wako wangalikula nini?” Ndizi zimekwisha liwa, lakini masimango hayajaisha. Ndiyo maana watu wengi huona heri kulala njaa kuliko kuomba.

Tena woga huo twauchukua mpaka kwa Mungu. Mkatekumeni husema moyoni: “Mimi sijabatizwa. Juzi nililewa. Jumapili mbili sikufika kanisani. Nikimwomba Mungu leo, si ataniuliza nilikuwa wapi?” Mtume Yakobo atujibu kwamba Mungu hatoi hivyo. Humpa kila mtu. Wala hakusema waliobatizwa tu, au wenye heshima tu. Dhambi yako iungame na kuiacha, ndiyo. Lakini usingoje kuwa mwema kwanza ndipo uombe. Omba, upate kuwa mwema.

Mtakatifu Louis-Marie Grignion de Montfort alijua ukarimu huo. Wamisionari wa shirika lake ndio waliofanya kazi ya Injili huku kwetu upande wa Isangi, hata Isangi ikawa jimbo mwaka 1962. Yeye alizaliwa nchi ya Ufaransa mwaka 1673. Akiwa kijana wa miaka kama 20 alikwenda Paris kwa miguu ili asomee upadre. Jamaa zake walimpa nguo mpya na fedha ya njiani. Fedha akawapa maskini, nguo akabadilishana na mwombaji, akaahidi kutokuwa tena na mali yake mwenyewe, bali kumtegemea Baba wa mbinguni. Alipofika hakuwa na kitu. Lakini Mungu alimpatia walimu na mahali pa kulala, na mwaka 1700 akawa padre.

Katika mji wa Poitiers aliwekwa kuhudumia nyumba ya maskini. Hapo aliwakusanya wanawake wachache, maskini na wagonjwa, akawapa chumba chao cha kusali. Chumba hicho akakiita Hekima, akasimika humo msalaba mkubwa. Na kiongozi wao akamchagua mwanamke kipofu. Watu wa mji waliona jambo hilo kuwa upuzi. Lakini mwaka 1703 binti mmoja, Marie-Louise Trichet, alivaa nguo ya kitawa kwa ajili ya kazi ile ile, na huo ndio mwanzo wa shirika la Mabinti wa Hekima. Padre huyo aliandika pia kitabu juu ya kuipenda Hekima ya milele, ambayo ndiyo Yesu Kristo mwenyewe. Humo afundisha njia nne za kuipata: kuitamani sana, kuiomba bila kukoma, kujinyima, na kumpenda Bikira Maria kwa ibada ya kweli. Alifariki mwaka 1716, na mwaka 1947 Papa Pius wa 12 alimtangaza kuwa mtakatifu.

4. Moyo mmoja, si miwili

Lile la tatu ni gumu kuliko yote. Yakobo amfananisha mtu wa mashaka na wimbi la bahari lisukumwalo na upepo. Sisi bahari hatuioni, lakini tumeona gugumaji katika Mto Kongo pale Isangi, ambapo Lomami yaingia. Gugumaji lina majani mazuri, lina maua, hata mizizi linayo. Lakini mizizi yake haishiki udongo. Kwa hiyo hutembea popote maji yatakapo. Ndivyo alivyo mtu amwombaye Mungu asubuhi, na usiku akaenda kwa mpiga ramli kuhakikisha. Mshika mawili, moja humponyoka.

Hata Solomoni aliingia katika hatari hiyo. Katika uzee wake moyo wake uligawanyika, akafuata miungu mingine. Na baada yake ufalme wake nao ukagawanyika. Basi hekima ya jana haitoshi leo. Huombwa kila siku, kama mkate.

5. Mfano wa baba aliyefiwa

Mfano huu msiutafutie jina la mtu. Lakini mambo yake mmeyaona.

Mkatekumeni mmoja alikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Jumatatu mtoto alishikwa na homa. Baba akasema: “Itapoa.” Jumatano usiku degedege likamshika. Alhamisi alfajiri baba akambeba kwenda kituo cha afya. Mtoto akafa njiani.

Usiku wa matanga mjomba wake akamwita kando. “Mpwa wangu,” akasema, “mtoto hafi bure. Kesho twende kwa mpiga ramli, tujue nani amemla. Usipokwenda, sisi tutajua kwamba ni wewe mwenyewe.” Na watu walikuwa wamekwisha kuitazama nyumba ya mjane mzee, jirani yao, kwa kuwa Jumapili alimpa mtoto yule ndizi ya kuchoma.

Baba akaogopa sana. Akikubali, ajua mkutano wa namna hiyo huishia wapi: kibanda huteketezwa, na bibi kizee hupigwa mawe. Akikataa, ukoo utamtenga. Akajibu: “Mjomba, nipe usiku huu.”

Akaenda nyuma ya nyumba peke yake. Sala ndefu hazikumjia. Akasema tu: “Ee Mungu, sijui nifanye nini. Nionyeshe.”

Hakusikia sauti, wala hakuona ndoto. Lakini moyo wake ulipotulia, aliona mambo ambayo tangu asubuhi hakuthubutu kuyatazama. Aliona kwamba mtoto alikuwa na homa siku tatu, naye baba alichelewa. Aliona kwamba kumsingizia mjane kungelifunika kosa hilo, na kwamba hiyo ndiyo sababu iliyomfanya karibu akubali. Akalia sana. Na katika kulia kwake alitambua neno moja: Mungu amemwonyesha kosa lake, lakini hakumsimanga. Mpiga ramli angalimpa mtu wa kumchukia. Mungu alimpa ukweli, na pamoja na ukweli akampa nguvu ya kuubeba.

Kulipokucha akamwambia mjomba wake: “Mjomba, nakuheshimu kama baba yangu. Kwa mpiga ramli siendi. Mtoto wangu ameuawa na homa, nami nilichelewa. Yule mama sitamsingizia.” Mjomba akaondoka kwa hasira, na kwa muda mrefu hakula chakula katika nyumba ile. Baba akaenda kwa mjane, akamkuta amefunga mlango kwa hofu, akamwomba aje aketi pamoja na mama wa marehemu. Na mtoto wake wa pili aliposhikwa na homa, hakungoja kuche. Usiku ule ule akawasha taa, akaenda.

Je, hekima ilimwondolea msalaba? Hapana, yule mjomba bado ana uchungu. Lakini bibi kizee yu hai, na mtoto wa pili yu hai. Katika sura ya tatu Mtume Yakobo atupa alama ya kuitambua hekima itokayo juu: ni safi, yaleta amani, ni ya upole, imejaa huruma. Basi neno lolote la kukutia chuki juu ya jirani yako, hata likitoka kinywani mwa mzee, si hekima ya Mungu.

Tena msiseme: “Nimeomba, yatosha.” Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kumheshimu mganga wa magonjwa, kwa kuwa dawa nazo zatoka kwa Mungu. Malaria, iletwayo na mbu, ni mojawapo ya magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi katika nchi yetu ya Kongo. Mtoto alale ndani ya chandarua. Na akishikwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Aombaye hekima, kisha akakataa kuitumia, amrudishia Mungu zawadi yake mlangoni.

Maswali ya kujifunza kwa moyo

Swali: Hekima ni nini?
Jibu: Ni kipaji cha Roho Mtakatifu, kwacho twaona mambo kama Mungu ayaonavyo na kuyapenda kama ayapendavyo.

Swali: Nani aweza kuiomba?
Jibu: Kila mtu, hata mkatekumeni, hata mwenye dhambi atakaye kutubu.

Swali: Mungu hutoaje?
Jibu: Kwa ukarimu, bila masimango.

Swali: Mwombaji atakiwa nini?
Jibu: Moyo mmoja. Asimwombe Mungu na kumwendea mpiga ramli.

Swali: Twaitambuaje hekima ya Mungu?
Jibu: Kwa matunda yake: ukweli, amani, upole na huruma.

Azimio la juma hili

Kila mmoja afikiri jambo moja asilojua namna ya kulitengeneza: deni, ugomvi wa shamba, neno la ndoa, au ugonjwa nyumbani. Kila jioni, kabla ya kulala, alitaje mbele ya Mungu, kisha anyamaze kidogo. Akionyeshwa la kufanya, alifanye kesho yake. Na asipoona wazi, amwendee katekista au Padre kwa shauri.

Sala

Ee Mungu, Baba mkarimu, mimi ni mtoto, njia siijui. Wewe huchoki kuombwa, wala hunisimangi. Unipe moyo wa kusikia, nione lililo kweli, na nguvu ya kulitenda hata likinigharimu. Usiniache niwe na mioyo miwili. Bikira Maria, Kiti cha Hekima, utuombee. Amina.