Kumsaidia mzee aishi kwake kwa usalama

Familia nyingi katika Kaunti ya Kilifi zina mzazi, bibi au babu aliyebaki nyumbani peke yake huku watoto wakitafuta riziki Mtwapa, Mombasa au Nairobi. Mzee ana presha, pengine na sukari, magoti yanamuuma na macho yameanza kufifia. Akipigiwa simu jioni husema yeye ni mzima. Kisha siku moja jirani hupiga kusema mzee ameanguka uani tangu alfajiri na hakuna aliyejua. Hapo ndipo kikao cha familia huitwa, na aghalabu uamuzi huwa mmoja: achukuliwe akaishi mjini.

Nia ni njema, lakini si kila mara hatua hiyo humfaa mzee. Mtu aliyezoea boma la Ganze au Magarini, akipelekwa chumba cha kupanga ghorofa ya tatu, hujikuta hana cha kufanya wala wa kuzungumza naye mchana kutwa. Ngazi humtisha, hivyo hukaa tu, na miguu huzidi kudhoofu. Aliyekuwa akilisha kuku wake na kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, baada ya miezi michache huhitaji kushikwa mkono kwenda bafuni.

Katiba ya mwaka 2010 humtambua aliyezidi umri wa miaka 60 kuwa mzee katika jamii. Kifungu cha 57 kinampa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Kwa hiyo kikao kianze na swali hili: ni kitu gani hasa kinachomtia mzee hatarini pale alipo, na kipi kinaweza kurekebishwa? Mwenyewe awepo kikaoni na asemeshwe kwanza. Wazee wengi huficha kwamba wameanguka kwa kuogopa kuhamishwa. Akijua kwamba jibu la kila tatizo si kuondolewa kwake, atasema ukweli.

Njia ya chooni usiku

Kuanguka ndiko kunakowatoa wazee wengi katika maisha ya kujitegemea. Mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, hata ukitibiwa vizuri, wengi hawatembei tena kama awali. Na ajali hizi hazitokei mbali na nyumbani. Anayetaka kujua hatari iko wapi alale kwa mzee usiku mmoja, kisha saa tisa za usiku aifuate njia yake kutoka kitandani hadi chooni, akiwa na taa ile ile anayoitumia mzee.

Atakutana na mengi. Kitanda cha kamba kilicholegea, ambacho kuinuka kwake ni kama kupanda kutoka shimoni. Ukingo wa mkeka uliojikunja. Kizingiti cha mlango. Uani kuna kuni, jembe, kamba ya mbuzi. Choo cha shimo chenye sakafu iliyolowa, na mtu mwenye magoti mabovu anatakiwa achuchumae na kuinuka bila cha kushika.

Karibu yote hayo hurekebishika bila gharama kubwa. Kitanda kikazwe kamba au kiinuliwe kwa vipande vya mbao vilivyopigiliwa imara, hadi mzee akikaa pembeni yake nyayo zikanyage sakafu sawasawa na magoti yasiwe juu ya nyonga. Taa ndogo ya sola iwekwe pale mkono unapofika kabla ya kuinuka. Njia isafishwe, na palipo na mteremko vichimbiwe viguzo viwili vitatu vya mvinje vyenye fito ya kushikia. Chooni, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kupigilia mti wa kushika ukutani. Ndara zilizolika soli zitupwe. Kiatu kizuri kwa mzee ni kile chenye mkanda wa nyuma.

Wengine hupendekeza ndoo yenye kifuniko chumbani kwa ajili ya usiku. Ni jambo la busara, ila aulizwe kwanza na wa jinsia yake, kwa faragha. Kwa baadhi ya wazee hilo ni fedheha, na ndoo iliyoletwa bila kuulizwa itaishia kuwekewa mahindi ya kuku.

Jikoni pia pana hatari. Leso inayoning'inia juu ya mafiga hushika moto upesi, kwa hiyo jiko lililoinuliwa usawa wa kiuno ni salama zaidi. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani na kufungiwa mlango wakati wa baridi au mvua: hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu akiwa usingizini. Maji yagawanywe katika vibuyu vya lita tano, kwani mtungi wa lita 20 si mzigo wa mtu wa miaka 75.

Dawa, na namna zinavyoangusha mtu

Hapa ndipo familia nyingi hukosea bila kujua. Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 78 mwenye presha na sukari. Kati ya dawa zake za presha mna ile inayotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Anaimeza usiku kwa sababu ndipo anapokumbuka. Matokeo yake ni kuamka mara tatu au nne gizani kwenda chooni. Akiinuka ghafla, presha hushuka, kizunguzungu humshika, na hapo kizingiti kinamsubiri. Familia itasema ameanguka kwa uzee, kumbe angesaidika kwa kuuliza zahanati kama dawa hiyo inaweza kumezwa asubuhi, na kwa kumfundisha kukaa pembeni ya kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama.

Siku ya kliniki, aombwe kupimwa presha mara mbili: akiwa ameketi na kutulia, kisha tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aelezwe, kwani huenda dawa zikahitaji kurekebishwa. Mzee asipunguziwe dawa na mtoto wake kwa kukisia.

Dawa za sukari zina hatari nyingine. Baadhi yake, pamoja na sindano ya insulini, huendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala. Mzee aliyemeza dawa asubuhi kisha akakosa hamu ya chakula anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kuongea ovyo na hatimaye kuzimia. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, yaani 70 kwa mashine zinazotumia namba kubwa, sukari imeshuka mno. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Wazee Waislamu wenye sukari wazungumze na daktari kabla ya Ramadhani kuingia, maana ratiba ya dawa inaweza kubadilishwa, na wapo ambao afya yao hairuhusu kufunga.

Kuna pia vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti. Baadhi yake, diklofenaki na ibuprofeni zikiwemo, hupandisha presha na kudhuru figo vikitumiwa kila siku, hasa kwa anayemeza dawa za presha. Siku ya kliniki mzee abebe mfuko wenye kila anachokimeza: dawa za hospitali, za dukani na za mitishamba. Mhudumu asipoziona hawezi kujua zipi zinagongana. Si ajabu kukuta mtu anameza dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili, moja ya zahanati na nyingine ya hospitali ya kibinafsi.

Kwa asiyesoma au asiyeona vizuri, dawa za asubuhi zikae katika kopo la rangi moja na za jioni katika kopo la rangi nyingine, zikipangwa kila Jumapili na mtu mmoja aliyeteuliwa. Wakiwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake ameshazipanga. Na kama mzee haoni vizuri, apelekwe kupimwa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo, na kuona vizuri humkinga mtu na kuanguka.

Msaada uliopo

Wahamasishaji wa afya ya jamii walizinduliwa kitaifa Septemba 2023 na kupewa vifaa vya kazi, vikiwemo mashine ya presha na kipimo cha sukari. Kila mmoja hutembelea takriban nyumba 100. Familia iliyo mbali ipate namba ya mhamasishaji wa kijiji chao na kumweleza kwamba kuna mzee anayeishi peke yake. Vipimo viandikwe katika daftari linalokaa nyumbani, siyo kwenye karatasi zinazopotea. Presha inayosoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara ni ya kupelekwa zahanati.

Mzee asajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba bila kulipa. Ili alipiwe matibabu katika hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, mchango wake lazima uwe umelipwa. Kwa asiye na mshahara, mchango hukadiriwa kulingana na uwezo wa nyumba, haupungui shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka. Watoto wachange mapema. Kusubiri hadi siku ya ambulansi kumezitia familia nyingi katika kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa.

Aliyefika miaka 70 na asiyepokea pensheni anaweza kuwa na haki ya kupata fedha za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Usajili ukifunguliwa hutangazwa kupitia ofisi za chifu na naibu wake. Fedha hizo ni za mzee. Mjukuu anayeshika simu na namba ya siri, kisha akaleta nusu, anamdhulumu, na naibu wa chifu au afisa wa maendeleo ya jamii anaweza kuelezwa.

Usahaulifu usiitwe uchawi

Mzee anayetoka usiku akizunguka boma, anayezungumza peke yake au asiyetambua watoto wake, huenda ana ugonjwa wa kusahau. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi kuna sababu inayotibika: maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka, ukosefu wa maji mwilini. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Katika kaunti hii jambo hilo lina uzito zaidi. Wapo wazee waliouawa au kufukuzwa makwao kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi za aina hiyo pana ugomvi wa shamba. Familia inayosikia minong'ono kuhusu mzee wao isingoje. Ripoti ipelekwe kwa naibu wa chifu na kituo cha polisi, na iandikwe. Katika hali hii pekee, kumhamisha mzee haraka ni jambo la kwanza, hata kama mwenyewe anasita.

Dalili zisizongoja asubuhi

Uso ulioshuka upande mmoja, mkono usioinuka na maneno yanayokwama ni dalili za kiharusi, na kila saa inayopita huongeza madhara. Aliyeanguka akagonga kichwa apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, hasa akiwa anameza dawa za kuzuia damu kuganda. Anayeshindwa kusimama baada ya kuanguka asiinuliwe kwa nguvu wala kubebwa kwa bodaboda; afunikwe, atulizwe, na gari litafutwe. Laini ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Haya yote yanamhitaji mtu wa karibu. Familia ichague jirani mmoja anayeaminika, imwombe waziwazi, na ikubaliane na mzee juu ya ishara ya kila asubuhi. Katika maboma mengi ishara rahisi ni mlango au dirisha: likiwa halijafunguliwa kufikia saa moja na nusu, jirani hubisha hodi, asipojibiwa, ana ufunguo. Jirani huyo apewe pesa za simu kila mwezi, na namba tatu za watoto ziandikwe kwa herufi kubwa nyuma ya mlango, ya kwanza ikiwa ya yule anayepokea simu usiku.