Kofia ya Moshi ya Fundi Cherehani

Mtu aliyewahi kuingia katika nyumba ya makuti inayowaka ili kumtoa mtoto au mzee ajua ya kuwa adui wa kwanza si moto wenyewe. Adui wa kwanza ni moshi. Macho hujaa machozi, koo hukabwa, na baada ya pumzi chache mtu haoni tena mlango aliouingilia. Wengi wafao katika nyumba zinazoungua hufa kabla ya moto kuwagusa.

Jambo hili lilimshughulisha fundi mmoja wa cherehani huko Marekani, jina lake Garrett Morgan. Alizaliwa tarehe 4 Machi, 1877, katika mji wa Paris, jimbo la Kentucky, na wazazi wake walikuwa wametoka katika utumwa. Shule aliiacha angali mdogo ili atafute kazi. Mwaka 1895 alihamia mji wa Cleveland, kando ya Ziwa Erie, akapata kazi ya kutengeneza cherehani katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1907 akafungua duka lake mwenyewe la kutengeneza mashine hizo, na miaka miwili baadaye yeye na mkewe walikuwa na chumba chao cha kushonea nguo. Hakuwa mhandisi wa chuo. Mali yake ilikuwa mikono iliyozoea kitambaa, uzi na vyuma vidogo vidogo, na macho yaliyozoea kuangalia kwa nini kitu hakifanyi kazi.

Watu wa kazi ya ushonaji walikuwa na sababu ya kuuogopa moto. Mwezi wa Machi, 1911, kiwanda kimoja cha nguo mjini New York kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana washonaji. Mwaka uliofuata Bwana Morgan aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, akapewa mwaka 1914.

Chombo chenyewe kilikuwa kofia kubwa ya kitambaa iliyofunika kichwa chote mpaka mabegani, yenye kioo mbele ya macho. Kutoka katika kofia hiyo ilishuka mipira mirefu iliyoungana na kuning'inia mpaka karibu na ardhi. Mwishoni mwa mpira palikuwa na sponji iliyoloweshwa maji. Aliyeivaa alivuta hewa kupitia huko chini, na hewa aliyoitoa ilipita mahali pengine, penye kifuniko kidogo kinachofunguka upande wa nje tu.

Msomaji atauliza, kwa nini mpira ushuke chini? Moshi wa moto ni wa joto, na kitu chenye joto hupanda. Katika chumba kinachoungua moshi hujaa kwanza darini, kisha hushuka polepole, na kwa muda fulani hewa iliyo karibu na sakafu hubaki safi kuliko ile ya juu. Ndiyo maana afundishwaye kutoka katika nyumba yenye moshi huambiwa ainame au atambae, wala asikimbie akiwa wima. Bwana Morgan hakufanya zaidi ya hilo: alimwezesha mtu kusimama na kufanya kazi huku pua yake, kana kwamba, iko sakafuni. Sponji nayo ilipoza hewa na kunasa masizi na baadhi ya vitu vinavyowasha.

Lakini yafaa mipaka yake ijulikane vema, maana hapa ndipo watu hupotea. Kitambaa chenye maji hunasa masizi, hakinasi ile hewa ya sumu itokayo katika makaa yasiyoungua vizuri. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo hupita katika kitambaa kilicholowa kama kwamba hakuna kitu. Ndiyo iwauayo watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, na asubuhi hukutwa kama waliosinzia. Kwao hakuna kofia wala kitambaa kinachofaa; jiko litolewe nje kabla ya kulala. Tena kofia ya Bwana Morgan haikutengeneza hewa. Palipokosekana hewa ya kupumua hata huko chini, mpira haungeweza kuileta. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba hapa ameelezwa namna ya kujishonea kofia ya kuingilia motoni.

Kuvumbua kulikuwa kazi moja, kuuza kulikuwa kazi nyingine. Bwana Morgan alizunguka akiwaonyesha wakuu wa zimamoto. Husimikwa hema la turubai, ndani yake huchomwa lami, kiberiti na samadi mpaka moshi uwe mzito, kisha mtu mwenye kofia huingia na kukaa humo kama dakika 20 akatoka salama. Katika miji ya kusini, ambako watu wengi weupe hawakutaka kununua kitu kilichobuniwa na mtu mweusi, Bwana Morgan alimweka Mzungu asimame mbele kama mwenye mali, naye akajigeuza kuwa msaidizi, akajiita chifu wa wenyeji wa asili wa Amerika. Ni jambo la kusikitisha kwamba fundi alilazimika kujificha nyuma ya kazi yake mwenyewe, ingawa huenda alicheka kidogo humo hemani.

Usiku wa tarehe 24 Julai, 1916, gesi ililipuka katika handaki lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie ili kuletea mji wa Cleveland maji. Wachimbaji walikuwa zaidi ya futi 100 chini. Waokoaji walioteremka kuwatafuta nao walizidiwa na hewa mbaya, na wengi wao hawakurudi. Ndipo mtu mmoja alipoikumbuka kofia ya Morgan. Wakamwamsha usiku. Akaja na ndugu yake Frank, wamechukua kofia, na inasemekana alikuwa bado amevaa nguo za kulalia.

Wale waliosimama juu walikuwa wamekwisha kuona watu wakishuka na kutorudi. Ndugu hao wawili wakavaa kofia wakashuka pamoja na wengine waliojitolea, wakawatoa watu wawili wakiwa hai, kisha maiti kadhaa. Bwana Morgan alirudi chini zaidi ya mara moja. Waliokufa katika ajali hiyo walikuwa karibu 20.

Medali za ushujaa zilipotolewa na mfuko wa Carnegie kwa ajili ya uokoaji ule, Bwana Morgan hakupewa. Raia wa Cleveland walichanga wakamtengenezea medali yao. Inasimuliwa pia kwamba, picha zake zilipotokea magazetini, baadhi ya miji iliyokuwa imeagiza kofia ilifuta maagizo. Aliendelea kubuni vitu vingine, na mwaka 1923 alipata hati ya taa ya kuongoza magari njia panda. Alifariki mwaka 1963. Mwaka 1991 mji wa Cleveland ulikipa kituo chake cha kusafisha maji ya ziwa lile jina la Garrett Morgan.