Hati za Mzigo wa Sumu

Wanakisomo, katika somo la leo tutasoma hati mbili. Stakabadhi ya pamba au korosho tumekwisha kuizoea, na kibali cha kusafirishia ng'ombe pia. Hati za leo ni jamaa yao, ila mzigo wake ni mwingine. Ni hati za taka za sumu zinazovuka mpaka wa nchi: mafuta machafu ya mitambo, dawa za wadudu zilizopita muda wake, betri kuukuu za magari, masalio ya viwandani. Serikali huziita taka hatarishi. Nyingine huwaka upesi, nyingine huunguza ngozi, na nyingine humwingia mtu polepole, miaka na miaka, bila yeye kuhisi kitu.

Pengine utauliza, mimi ni mkulima, mambo ya meli yananihusu nini? Hebu tutazame yaliyotokea Koko.

Koko ni mji mdogo wenye bandari, nchini Nigeria. Kati ya mwaka 1987 na 1988 meli zilileta pale maelfu ya mapipa kutoka Italia, uzito wake zaidi ya tani 3,000. Mzee mmoja wa hapo alikubali yawekwe katika uwanja wake, kwa kodi ya dola 100 hivi kwa mwezi. Karatasi za mzigo zilisema eti ni kemikali za kazi ya ujenzi. Mapipa yakakaa juani. Mengine yakavimba, mengine yakavuja. Iliripotiwa kwamba wako watu waliomwaga yaliyomo, wakachukua mapipa kwa matumizi ya nyumbani. Kumbe ndani mlikuwa na taka za sumu za viwanda vya Ulaya.

Habari ilifichuliwaje? Wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa wakisoma Italia waliiona katika magazeti ya kule, wakaandika nyumbani. Juni 1988 magazeti ya Nigeria yakaitoa. Serikali ya Nigeria ilighadhibika, na Italia ikalazimika kuyaondoa mapipa. Meli moja iliyoyabeba, jina lake Karin B, ilizunguka ikikataliwa na nchi kadhaa za Ulaya, mpaka mwishowe Italia yenyewe ikaipokea. Sumu ile ile iliyokuwa imelala uwanjani kwa mzee wa watu, Ulaya hakuna aliyetaka hata itie nanga.

Tuliangalie vizuri jambo hili. Haikuwa kwamba mzigo ulikuja bila karatasi. Karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: je, nchi inayopokea imeambiwa ukweli, na imekubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka?

Swali hilo ndilo lililotiwa katika Mkataba wa Basel, uliopitishwa katika mji wa Basel, Uswisi, Machi 1989, ukaanza kutumika Mei 1992. Tanzania ilijiunga mwaka 1993, Kenya mwaka 2000. Nchi za Afrika ziliona hautoshi, zikatunga Mkataba wao wa Bamako mwaka 1991, ulioanza kutumika 1998. Huo unakataza kabisa kuingiza Afrika taka hatarishi zinazotoka nje ya bara hili, na Tanzania imo. Lakini kuzitoa taka zetu kwenda kwenye kiwanda kinachoweza kuzishughulikia kunaruhusiwa, kwa hati.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa Burundi amekusanya betri kuukuu za magari, tani 20. Anataka kuzipeleka kwenye kiwanda cha Ubelgiji kinachoyeyusha risasi. Lori litaingia Tanzania kwa njia ya Ngara, lishuke mpaka Dar es Salaam, na mzigo upande meli. Betri ya gari ina risasi na tindikali. Tindikali huunguza. Risasi huharibu akili ya mtoto mdogo, na ikishaingia udongoni haiondoki.

Hati ya kwanza tutaiita hati ya taarifa. Huandikwa kabla mzigo haujasogea hata hatua moja. Ina visanduku 21. Sanduku la 1 ni jina na anwani ya anayepeleka. La 2 ni la anayepokea. La 5 ni uzito. La 9 linauliza taka zimetoka kwa nani na zilipatikana katika kazi gani, na la 10 linataja kiwanda zitakakoishia. Sanduku la 11 linataka jambo kubwa: huko ziendako zitafanywa nini? Hapo huandikwa herufi na namba. R maana yake kuna kitu kitakachookolewa kitumike tena; betri zetu zitaandikiwa R4, yaani kurudisha chuma au madini mengine ya namna hiyo. D maana yake ni kutupa, kwa mfano D1 ni kufukia ardhini au kumwaga juu yake, D10 ni kuchoma moto nchi kavu. Ukijua herufi hizo mbili tu umekwisha kujua nusu ya habari.

Sanduku la 14 ni la namba za taka zenyewe. Risasi ni Y31. Betri kuukuu za risasi na tindikali ni A1160. Kitu kinachounguza ni H8. Namba hizi ni zile zile Bujumbura, Dodoma na Brussels, hata kama afisa mmoja anasema Kirundi na mwingine Kifaransa. Kisha sanduku la 15 linataja nchi zote: inayotoa, zinazopitiwa, inayopokea.

Serikali ya Burundi, au mfanyabiashara kupitia kwake, itaipeleka taarifa hiyo Tanzania na Ubelgiji. Kila moja inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, kukataa, au kudai maelezo zaidi. Inatakiwa pia pawepo mkataba kati ya mpelekaji na kiwanda, pamoja na bima au dhamana ya fedha. Nchi ya kupitiwa ina siku 60 za kujibu. Kwetu binti akiulizwa habari za posa akanyamaza, wazee husema ameridhia. Hapa sivyo. Nchi inayopokea ikinyamaza, haijakubali, na mzigo hauendi. Ridhaa huandikwa katika sanduku la 20, kwa tarehe, sahihi na mhuri. Sisi tunaona hilo ndilo sanduku la kutazamwa kwanza. Likiwa tupu, mengine yote ni maelezo matupu.

Kwa upande wa Tanzania, anayeshughulikia mambo haya ni Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira. Kijiji hakitoi ruhusa hiyo, wala diwani, wala mwenye uwanja.

Hati ya pili ni hati ya safari. Hii hupanda lori pamoja na mzigo, haiachwi nyuma. Inataja idadi ya vifurushi, uzito wake, na namna ya kuushika mzigo, hata la kufanya ajali ikitokea. Lori likipinduka, askari atauliza hati hiyo kabla ya mtu kugusa kitu. Watu tumezoea kukimbilia lori lililoanguka na ndoo mkononi. Kwa mzigo huu, ndoo ibaki nyumbani.

Kila anayeupokea mzigo hutia sahihi: mwenye lori, mwenye meli, mwisho kiwanda. Kiwanda hutia sahihi mara mbili. Sanduku la 18 kinasema tumepokea, na uzito gani. Sanduku la 19 kinasema kazi imekwisha, taka zimeshughulikiwa. Nakala hurudi kwa mpelekaji na kwa serikali. Iwapo sahihi ya mwisho haikurudi, serikali iliyotoa mzigo inapaswa kuuliza umeishia wapi. Na ikigundulika kwamba mpelekaji alipeleka bila ruhusa au kwa maelezo ya uongo, nchi iliyotoa inatakiwa kuurudisha mzigo kwake ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa, kama inawezekana.

Uongo wa siku hizi haupitii sana kwenye mapipa. Unapitia kwenye jina. Televisheni mbovu na kompyuta zilizokufa huandikwa "bidhaa zilizotumika", zikaja kama mitumba. Tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za vifaa vya umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, zinatakiwa taarifa na ridhaa chini ya Mkataba wa Basel. Basi mtu akija na kontena akitaka kukodi uwanja au ghala lako, usianze na habari ya kodi. Mwulize ni kitu gani, kimetoka wapi, na kibali kiko wapi. Akisema ni siri ya kampuni, au karatasi "zinakuja", nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo, na kwa afisa mazingira wa halmashauri. Andika namba ya gari na tarehe.

Kazi ya kikundi. Hati ya safari inasema lori lina makasha 20 ya betri, kila moja kilo 1,000. Mpakani afisa amehesabu 20. Bandarini yamehesabiwa 18. Ni kilo ngapi hazipo? Ni sahihi za nani mtazitazama ili kujua zilipotea katika sehemu gani ya njia? Kisha kila mmoja aandike barua fupi kwa Afisa Mtendaji, akieleza kwamba makasha mawili ya betri yameonekana nyuma ya mashine ya kusaga, karibu na kisima.