MTUMBWI AU MASHUA? AMUENI PAMOJA KABLA YA KUKOPA

Katika vijiji vyetu vya pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, kuna swali ambalo huingia katika nyumba nyingi za wavuvi miaka michache baada ya arusi. Watoto wameongezeka, karo inadaiwa, na mtumbwi wa watu wawili hauonekani kutosha tena. Mume anasema, "Mama watoto, tuuuze huu, tukope kidogo, tununue mashua ya mashine." Mke ananyamaza, au anakubali kwa midomo tu. Kunyamaza huko si kukubaliana. Mwezi huu tujifunze jinsi mume na mke wanavyoweza kulipima jambo hili wakiwa wawili.

1. Kila chombo na kazi yake

Mtumbwi, ambao mara nyingi huchongwa kwa mwembe, huvua ndani ya mwamba: tafi, pono na changu. Hauhitaji mafuta, kafi, upondo au tanga vyatosha. Maji yakipwa bado unapita, na watu wachache wanaweza kuupandisha mchangani.

Mashua ya mbao hutoka nje ya mwamba, kwenye nguru, kolekole na jodari. Hubeba nyavu nyingi, barafu na mabaharia kadhaa. Samaki wa huko ni wakubwa, lakini kila safari huanza kwa gharama kabla samaki wa kwanza hajapatikana.

Tena msidanganywe na urefu. Chombo kikizidishwa mara mbili kwa urefu, upana na kina, nafasi yake ya ndani huwa mara nane. Mbao, misumari, pamba ya kalafati na nguvu ya mashine hupanda kuliko mnavyokadiria kwa macho.

2. Pigeni hesabu ya siku mbaya

Wengi huhesabu siku ile nyavu zilipojaa. Chukueni kalamu na daftari, muandike siku mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ya samaki ni shilingi 250.

Siku nzuri, mashua yapata kilo 60, yaani shilingi 15,000. Ondoeni mafuta, barafu, chambo na chakula, tuseme 6,000. Zabaki 9,000. Nusu ni fungu la chombo, 4,500. Nusu nyingine yagawanywa kwa wavuvi watano, 900 kila mmoja. Mwenye mashua, akiwa pia mvuvi, apata 5,400. Mtumbwi siku hiyo wapata kilo 10, yaani 2,500. Toeni 100 za chambo, mgawanye mafungu matatu: mawili ya wavuvi, moja la chombo. Mwenye mtumbwi apata 1,600. Hapa mashua imeshinda.

Sasa siku mbaya. Mashua yapata kilo 20, yaani 5,000, lakini gharama ni zile zile 6,000. Mmepoteza 1,000, na mabaharia wangojea chakula. Mtumbwi wapata kilo 4, yaani 1,000. Baada ya chambo na mgawanyo, mwenye mtumbwi arudi nyumbani na 600. Wekeni bei na desturi ya mgawanyo ya pwani yenu, kisha mjiulize: kwa mwezi, siku mbaya ni ngapi?

3. Mwaka una pepo mbili

Wakati wa kaskazi, yapata Desemba hadi Machi, bahari hutulia na mashua hupata kazi nyingi nje. Wakati wa kusi, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi huwa makali na vyombo vingi hubaki ndani ya mwamba au kulala pwani. Lakini mkopo haulali. Ndiyo sababu nasema: chagueni chombo kwa kuangalia miezi ya kusi. Kama hamwezi kulipa deni na kula katika miezi hiyo, chombo hicho bado si chenu. Familia nyingine hufanya vyema kwa kuubakiza mtumbwi hata baada ya kununua mashua.

4. Deni ni la nani?

Ukikopa kwa tajiri wa samaki, mara nyingi utalazimika kumuuzia yeye, kwa bei yake, mpaka umalize. Ulizeni bei hiyo kabla ya kupokea fedha. Na kama ni benki inayotaka hati ya shamba, jueni kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa iwekwe rehani bila idhini ya mume na mke. Hivyo mke asitie sahihi asichokielewa, wala mume asimwone mkewe kuwa mpinzani anapouliza.

5. Kazi ya mke nayo ni mali

Ikiwa mke ni mama karanga, samaki wadogo wa ndani ya mwamba ndio mtaji wake. Mtumbwi ukiuzwa, atakaanga nini? Nguru mkubwa huenda moja kwa moja kwa mnunuzi mwenye barafu. Mapato ya karai lake yaandikwe katika daftari lile lile.

6. Nahodha ni mmoja, wenye nyumba ni wawili

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli baharini: mawimbi yakipanda, mmoja ndiye aamuru. Lakini kabla chombo hakijanunuliwa, bado mko nchi kavu, na muda wa kusikilizana upo. Mwulize mkeo, "Mama watoto, unaogopa nini?" Huenda haogopi deni. Huenda anaogopa usiku wa kukungoja nje ya mwamba. Basi jaketi za kuokolea maisha ziwe katika bajeti ya kwanza, pamoja na leseni.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kusi iliyopita, nyumba yetu iliishi kwa shilingi ngapi kwa wiki?
2. Mashine ikiharibika mwezi mzima, deni litalipwa na nini?
3. Ni watu gani tutakaowaamini kuwa mabaharia, na nani atatunza daftari la mapato?
4. Tukingoja mwaka mmoja tukiweka akiba, mkopo utapungua kiasi gani?

Jibuni kila mmoja kwa zamu, bila kukatizana. Mkikosa kukubaliana leo, rudieni wiki ijayo. Mtumbwi bado uko pwani, na kesho utatoka.