Kwa Nini Rubani Huchoka Safarini

Wengi wetu hudhani ya kuwa kazi ya rubani si nzito. Halimi wala habebi mzigo, ameketi tu. Basi tukisikia rubani amesinzia, twasema ni mvivu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba chumba chenyewe anachokaa huweza kumchosha hata mtu hodari.

Tarehe 20 Mei, 1927, Mmarekani Charles Lindbergh aliondoka New York peke yake kwa eropleni ya injini moja, akavuka bahari ya Atlantiki, akatua Paris usiku wa tarehe 21. Alikaa hewani saa 33 na nusu, na usiku wa kuamkia safari hakulala. Tangi kubwa la petroli lilikuwa mbele yake, hata asiweze kuona mbele ila kwa kioo kidogo cha kuchungulia. Baadaye aliandika kwamba ilimbidi afungue kope zake kwa vidole, na ya kuwa aliona watu kama vivuli nyuma yake wakisema naye. Ni nini kilichomwokoa? Eropleni yake haikutulia. Kila aliposinzia ilipinda njia, naye akashtuka. Tena aliacha madirisha bila vioo, upepo wa baridi ukampiga usoni.

Eropleni kubwa za siku hizi ni kinyume cha hiyo: zimetulia, na mtambo huziongoza zenyewe. Lakini uchovu haukwisha. Sababu zake ni hizi.

Kwanza, hewa. Ndani ya eropleni nyingi hewa hushindiliwa, lakini si kama ya pwani. Huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400. Hivyo damu hupata oksijeni pungufu kidogo. Tena hewa hiyo ni kavu mno. Macho huwasha na koo hukauka.

Pili, kelele. Upepo hupiga pua ya eropleni kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 800 kwa saa, na mvumo huo haukomi tangu kuondoka hata kutua.

Tatu, mwanga na giza. Mchana jua huingia kwa vioo vya mbele likaumiza macho. Usiku taa hupunguzwa ili rubani aone nje, na giza hilo huuita usingizi. Mwili wa mwanadamu una saa yake: tangu saa nane ya usiku mpaka alfajiri hutaka kulala, hata mwenyewe akikataa.

Nne, kukaa bila kazi. Mtu aliyefungwa mkanda akitazama mishale na taa kwa saa nyingi, bila kugusa usukani, akili yake hulegea. Hapa ndipo penye ajabu: raha ya chumba huweza kuwa hatari kuliko taabu ya Lindbergh.

Je, dawa ni nini? Si kumgombeza rubani. Katika safari ndefu huwekwa marubani watatu au wanne, nao hulala kwa zamu katika vitanda maalum. Mwaka 1994 wataalamu wa NASA walitoa taarifa juu ya marubani waliovuka bahari ya Pasifiki. Wale walioruhusiwa kupumzika kitini kwa dakika 40, huku wenzao wakiwa macho, walilala kama dakika 26, nao walikuwa wepesi zaidi kuliko wale wasiopumzika. Watengenezaji nao wameanza kurekebisha chumba: Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, ina hewa kama ya mlima wa mita 1,800 tu, nayo si kavu sana.

Basi wenzangu, hasa ninyi mnaotamani kuwa marubani, ushujaa haushindi usingizi. Rubani asemaye mapema, "Nimechoka, nishikie," ndiye mwenye kuwafikisha abiria salama. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne